Shokapu za magari ya Ulaya zisifungwe kwa mazoea

Mhariri,

Shokapu mpya za Volkswagen, BMW au Mercedes zikianza kugonga mapema, lawama huenda kwa kiwanda. Mara nyingi kosa ni la ufungaji.

Kwanza, ununuzi. Golf ya kizazi cha tano pekee ina shokapu za mbele za kipenyo cha milimita 50 na 55, kwa hiyo agiza kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari. Nunua mbili za ekseli moja, pamoja na mauntingi (kishikizo cha juu cha shokapu kwenye bodi), beringi ya juu, raba ya kizuizi na kava ya vumbi.

Kwenye Golf hiyo, shokapu ya mbele imebanwa ndani ya nako (chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu) yenye mpasuko. Mpasuko hupanuliwa kwa kifaa chake maalumu, si kwa nyundo. Springi ibanwe kwa kibanio madhubuti kabla ya kugusa nati ya juu, ikifyatuka inaua. Nati hiyo usiikaze kwa mashine ya upepo, maana fimbo ya shokapu huzunguka na kuchana sili (raba inayozuia mafuta kutoka), kisha mafuta yanavuja. Shika fimbo kwa elenki (spana ya pembe sita ya kuingiza ndani), kaza kwa spana.

Bolti zinazokazwa kwa nguvu maalumu kisha kuzungushwa digrii 90 au 180 huvutika na kurefuka, hivyo hazirudiwi. Na bolti za bushi, yaani raba za kwenye maungio ya mikono ya gurudumu? Hizo mafundi wengi huzikaza gari likiwa juu ya jeki! Likishushwa, raba hubaki imejisokota na kupasuka mapema. Kaza likiwa limebeba uzito wake, halafu pima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu.

Msomaji, fundi magari