Lile kopo la mlonge

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi, na pole kwa maradhi ya mama. Umesema Jumapili mnatoka Lindi kwenda Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kuanza mionzi ya titi, na shangazi amekufungia kopo zima la unga wa mlonge, mama anywe vijiko vitatu kwa siku apate nguvu.

Somoe, unga huo usimpe kimyakimya. Mimi nilimpa mama yangu. Wiki ya tatu ya mionzi yake, ngozi ya chini ya titi na kwapani ilikuwa imeiva, nyeusi, inachunika kama ganda la kitunguu, hata kanga ikigusa anaguna. Nikamkorogea mlonge, nikamkamulia na mshubiri. Daktari sikumwambia. Nesi ndiye aliyeuona ute umekaukia karibu na ile michoro ya wino inayoonyesha mashine ilenge wapi. Hakunigombeza, alinikalisha kwenye benchi akanieleza.

Mionzi inaiua saratani kwa kuharibu vinasaba vya seli zake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na chembe kali zinazozaliwa pale mionzi inapoyapiga maji ya mwilini. Mlonge unazizima chembe hizo. Panya wa maabara waliopewa dawa ya majani ya mlonge kabla ya kupigwa mionzi, uboho wao uliumia kidogo kuliko wa wenzao. Nilifurahi kusikia, mpaka akaniuliza: na uvimbe je, nao ukikingwa?

Miti yetu siidharau, unanijua. Mwaka 2004 Ufaransa walitoa matokeo ya wanawake 254 wenye saratani ya titi. Katika waliopaka mafuta ya ua la kalendula, 41 kati ya kila 100 ngozi iliungua kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Waliopaka dawa nyingine ya ngozi, 63. Lakini yale yalipakwa juu ya ngozi, na madaktari wakijua.

Mboga ya mlonge kwa nazi mpikie, hicho ni chakula. Ninachoogopa ni vijiko vitatu vya unga kila siku katika wiki zile za mashine. Nenda na kopo lenyewe, siku ya kwanza liweke mezani kwa daktari, umuulize kama anywe sasa au asubiri mionzi iishe. Na kabla ya kumpaka chochote, mshubiri au mafuta ya nazi, uliza pia.

Shangazi niachie mimi. Nitampigia kesho jioni akitoka shamba.

Wako,
Zuhura