Safari ya Jumamosi: juu bado kuna theluji

Wapendwa, bondeni kumeshakauka na maua yanachanua, lakini msidanganyike. Juu bado ni theluji, na katikati ya njia, pale ilipokanyagwa na kushindiliwa msimu mzima, imegeuka barafu ngumu ambayo huyeyuka mwisho kabisa.

Tunaanza kutembea saa 11 alfajiri. Najua ni mapema, ila usiku theluji huganda na kubeba uzito wa mtu. Jua likishaipiga inalainika, mguu unazama hadi gotini, na kifundo huteguka kirahisi. Mchana ndipo pia theluji iliyolowa huporomoka, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Kwa hiyo saa 5 asubuhi tunageuza, hata kama kilele tunakiona. Hapo sitabembelezwa.

Kila mtu aje na vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti. Fimbo peke yake hazitoshi. Asiye navyo aniambie kabla ya Alhamisi, tutafute vya kuazima. Miwani ya jua nayo ni lazima: theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza macho. Glavu, soksi za akiba, taa ya kichwani.

Tukifika kijitoni, asikanyage mtu theluji iliyokifunika mpaka kiongozi aijaribu, maana maji huila kwa chini.

Ijumaa jioni nitasoma taarifa ya hatari ya maporomoko. Ikiwa mbaya, au ikitabiriwa kwamba usiku hakutaganda, tunaahirisha. Nitawaandikia humu kabla ya saa 3 usiku.