Barua kwa mwanangu, kuhusu hilo jina unalotaka kulitoa

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma na sijakasirika, nakwambia mapema maana najua utaanza kumpigia dada yako kumuuliza mama kanuna ama vipi. Umesema unataka kulitoa jina la ukoo wa baba yako ubaki na la babu yako wa Tanga, kwa sababu hilo la kwanza ni la wakulima wa kizungu na we huoni linakuhusu nini, alafu eti hata lenyewe si la kweli, lilikosewa na karani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji New York. Sawa. We mtu mzima saivi. Ila hiyo ya Ellis Island naikataa, na hayo mengine ngoja nikwambie nilichokikuta kwenye makaratasi, maana tangu niache zamu za usiku nimekuwa na muda na baba yako anajua mezani kwetu hakuna nafasi ya sahani tena. Jina lenyewe siliandiki hapa, hizi meseji zinasambaa, we unalijua.

Ellis Island tuimalize haraka. Kile kituo kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Babu wa babu yake baba yako, yule Ole wa Norwei, alifika Marekani 1869. Sasa ni karani gani huyo aliyemkosea jina miaka 23 kabla ofisi haijafunguliwa? Na hata hao waliopita pale kweli, makarani hawakuwa wanawaandika upya, walikuwa na orodha ya abiria iliyojazwa na watu wa meli huko walikopandia, wao wanaita, wanahoji, wanatiki. Hapa Minnesota kila familia inayo hiyo hadithi na wanaipenda sana, sijui kwa nini, labda inapendeza kumlaumu karani. Majina walibadilisha wenyewe, pole pole, wakiwa wameshafika, na kila walipobadilisha kuna karatasi.

Mi nilianza na sensa ya 1900 kwa sababu ile ndo tamu kuliko zote, waliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa na mwaka mtu alioingia nchini. Pale Ole yupo, mkewe yupo, watoto wamejipanga, na jina ni hilohilo lako. Nikasema basi kazi rahisi, narudi nyuma miaka kumi. Wapi. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwenye moto wa Washington Januari 1921, yaani kila anayetafuta ukoo nchi hii anagonga ukuta palepale. Bahati nzuri jimbo la Minnesota lilikuwa na sensa yake lenyewe katikati, 1875, 1885, 1895, kwa hiyo unarukia humo. Na humo ndo nikachanganyikiwa, maana jina lako halipo. Halipo 1880 ya serikali kuu wala 1875 ya jimbo. Aliyepo ni mtu anaitwa Ole Hanson.

Ntajuaje ni yeye? Nilijiuliza hivo hivo, maana ukitafuta Ole Hanson Minnesota ya miaka ile ni kama kutafuta Juma Ally Kariakoo. Dawa yake ni kuacha jina la mwisho kabisa, usilitafute. Tafuta mke, tafuta watoto na miaka yao, tafuta majirani wa kulia na kushoto, tafuta kipande cha ardhi. Jina linahama, ardhi haihami. Na kipande kile kilikuwa kilekile.

Hiyo ardhi sasa. Tarehe 20 Mei 1862 Abraham Lincoln alisaini sheria ya Homestead. Mtu alikuwa anapewa ekari 160 za serikali, gharama za makaratasi zote dola 18 hivi, masharti akae miaka mitano, ajenge, alime. Hata mgeni aliruhusiwa, mradi ameapa mbele ya korti kwamba anakusudia kuwa raia. Baada ya miaka mitano anaenda ofisi ya ardhi na mashahidi wawili waeleze nyumba ina ukubwa gani, ekari ngapi zimelimwa, kisima kipo ama hakipo. Hati zenyewe za umiliki unaziona bure kwenye intaneti, ila faili nzima lenye ushahidi lazima uliombe Nyaraka za Taifa, na nakushauri usiishie kwenye hati, uhondo wote uko kwenye faili. La Ole lina nyumba ya futi 14 kwa 16 na ekari 35 zilizolimwa, na katikati ya hiyo miaka mitano yake kuna nzige. 1873 hadi 1877 nzige wa milimani walikuwa wanashuka kusini-magharibi mwa Minnesota kila mwaka wanakula ngano yote, ikafika mahali serikali ikawaruhusu walowezi waondoke wakatafute vibarua bila kunyang'anywa viwanja vyao, na gavana John Pillsbury akatangaza tarehe 26 Aprili 1877 iwe siku ya maombi jimbo zima. Mwaka huohuo nzige wakaondoka. Walutheri wa hapa wanajua wenyewe walichokiamini.

Alafu mwishoni mwa faili kuna karatasi moja ndo iliyonifanya nicheke peke yangu usiku. Ni hati ya kiapo. Inasema Ole Hanson na Ole mwenye jina lako ni mtu mmoja na yuleyule. Mwanangu, unajua hiyo karatasi ni nini? Ndo hiyohiyo niliyoapa mimi kwa wakili pale Tanga nilipoomba pasipoti, kwa sababu cheti cha shule kina majina mawili na cha kuzaliwa kina matatu, na nusu ya Watanzania wanayo yao kwenye bahasha kabatini. Kumbe mkwe wangu wa 1870 na kitu naye alikuwa nayo.

Najua utaniambia mama unaruka jambo. Siruki. Ardhi ile ilikuwa ya Wadakota, wenyeji wa asili wa huku. Mikataba ya 1851 iliwabana kwenye ukanda mwembamba kando ya Mto Minnesota, fedha walizoahidiwa zikawa hazifiki au zinaishia kwa wafanyabiashara, watu wakalala njaa, na Agosti 1862, miezi mitatu tu baada ya Lincoln kusaini ile sheria, vita ikalipuka. Ilivyoisha, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa siku moja mjini Mankato, tarehe 26 Desemba 1862, na mwaka uliofuata kabila zima likafukuzwa jimboni. Miaka minane baadaye ndo Ole anaandikisha kiwanja. Kwenye faili hakuna hata neno moja la hayo, fomu inauliza kisima. Kwa hiyo ukisema jina hilo ni la watu waliokaa kwenye ardhi ya wengine sikubishii, makaratasi hayakubishii, na ukilitoa kwa sababu hiyo mi naelewa kabisa.

Ila sasa sikiliza jina lenyewe limetoka wapi, maana hapo ndo palinishangaza.

Kitabu cha usharika wao wa Kilutheri huku kiliandikwa na mchungaji Mnorwei, na wachungaji wale Mungu awape kheri walikuwa wanaandika mtu katoka parokia gani. Ole katoka bonde la Gudbrandsdal. Nikahamia Norwei, kwenye Digitalarkivet, tovuti ya nyaraka zao za taifa, bure kabisa, huhitaji hata kujisajili. Vitabu vya kanisa vyote vimeskaniwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko, na waliohama. Wale watu bwana waliagiza tangu 1814 hivi kitabu kiandikwe nakala mbili na zisikae chini ya paa moja, ili moto ukila kimoja kingine kipo. Mwandiko ni ule wa zamani wa Kigothi, wiki za mwanzo nilikuwa nautazama kama mtu aliyepigwa kofi, baadaye jicho linazoea, unaanza kuona herufi h na s zilivyojificha.

Kwenye kitabu cha polisi cha wahamiaji wa Christiania, ndo Oslo ya leo, 1869, yeye ni Ole Hansen, kwa e. Ile o ya Hanson kaipata huku. Sensa ya Norwei ya 1865, Ole Hansen, kijana, baba yake Hans Larsen. Ubatizo wa Hans, baba ni Lars. Umeona inavyokwenda? Ole wa Hans, Hans wa Lars. Dada yake Ole hakuwa Hansen, alikuwa Hansdatter, binti Hans. Hakuna jina la ukoo, kuna jina la baba tu, na mtoto akizaliwa linaanza upya. Sheria ya kulazimisha kila familia iwe na jina moja la kudumu wameipitisha 1923! Juzi tu hapo.

We fikiria mi nilivyosoma hiyo. Miaka yote nimekaa kwenye madirisha ya uhamiaji naulizwa kwa nini jina lako la mwisho si sawa na la baba yako, na mimi naeleza jina langu, la baba, la babu, basi, la mwisho ni la babu, baba yangu la mwisho lake ni la babu yake yeye, na afisa ananitazama kama natunga. Kumbe bibi zake huyo afisa huenda walikuwa hivohivo.

Na jina la shamba sasa. Kule ukimtaja mtu unataja na shamba analokaa, kama anwani. Ole Hansen wa shamba fulani. Ukihama shamba, jina linabadilika. Hans Larsen nimemkuta kwenye mashamba matatu, na kila ubatizo wa mtoto una jina tofauti, nikadhani ni kina Hans watatu, hadi nilipoangalia jina la mama na wadhamini wa ubatizo ndo nikaona ni yuleyule anahama hama. Walipofika huku wakakuta kata nzima ina kina Ole Hanson, barua zinapotea, benki inachanganya madeni, basi wengi wakachukua lile jina la shamba likawa jina la ukoo. Ndo maana Walter Mondale, aliyekuwa makamu wa rais kuanzia 1977 hadi 1981, jina lake ni kijiji cha Mundal kilichobadilishwa herufi. Na Knute Nelson, gavana wa Minnesota 1893 hadi 1895 na seneta hadi alipokufa 1923, alizaliwa akaitwa Knud Evanger, kwa jina la mahali, akaja na mama yake 1849 akiwa mtoto, hilo Nelson kalipata kwa baba wa kambo aliyeitwa Nils. Ndugu wawili tumbo moja walikuwa wanaweza kuzikwa na majina mawili. Kaka yake Ole alibaki Hanson hadi kufa, kwa hiyo una kina Hanson huko Dakota Kaskazini ni damu yako kabisa na hamjuani.

Sasa lile shamba. Nilidhani lilikuwa lao. Sensa ya 1865 ina safu ya hali ya mtu na kwa Hans imeandikwa husmann. Husmann ni mtu aliyepewa kibanda na kipande kidogo pembeni ya shamba la mwenye mali, na analipa kwa kumfanyia kazi siku alizopangiwa. Yaani jina lako ni jina la shamba la bosi. Ni sawa na mtu wa kwetu Tanga aliyekata mkonge wa mzungu maisha yake yote, akaenda ughaibuni, akajiita jina la estate. Baba yako nilipomwambia alinyamaza, alafu akasema kwao siku zote waliambiwa walikuwa na shamba kubwa Norwei. Shamba kubwa lilikuwepo kweli, ila mwenyewe alikuwa mwingine.

Kwa hiyo ndo hivo mwanangu. Unataka kulitoa jina la zamani la ukoo, na mi nakwambia halina hata miaka mia moja na hamsini, wa kwanza kulibeba kama jina la ukoo ni huyo Ole, na kabla yake kila mtu alikuwa na lake. Ukichukua la babu yako wa Tanga utakuwa umefanya alichofanya kila mtu pande zote mbili. Sikukatazi. Nakuomba kitu kimoja tu, usimwambie bibi yako mzaa baba ile habari ya karani, mwambie sababu yako ya kweli, atakusikiliza zaidi ya unavyodhani.

Taratibu nimeshakuangalizia. Unaomba korti ya wilaya kwenye kaunti unayoishi, uwe umekaa Minnesota miezi sita, na utokee mwenyewe mbele ya jaji na mashahidi wawili. Sheria pia inataka uorodheshe ardhi yote unayodai haki nayo ndani ya jimbo. Hapo andika huna, zile ekari 160 ziliuzwa babu yako akiwa mdogo. Na kwa mashahidi, mmoja ni mimi, wa pili mtafute, asiwe baba yako maana atalia mbele ya jaji. Na hukumu ikitoka chukua nakala zenye mhuri zaidi ya moja, moja nipe mimi niiweke kwenye faili pamoja na kile kiapo cha Ole.

Mama