Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi, Lamu

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, bodi ya shule, walimu wetu, wazazi mliotoka Langoni, Mkomani, Shela, Matondoni na nyinyi mliovuka asubuhi asubuhi kutoka Mokowe, assalaam alaykum na hamjambo nyote.

Tumepewa dakika chache na tulikuwa tuandike risala ile ya kila mwaka, ya kushukuru halafu kuomba, lakini tukaona bora kwanza mjue mwaka huu tumeshughulika na nini. Tumeshughulika na figo. Ndiyo, hiyo hiyo ambayo wengi wenu mwaijua ikiwa imekaangwa na vitunguu.

Mtu ana figo mbili, ziko nyuma kabisa ya tumbo kandokando ya uti wa mgongo, ya kulia imeshuka kidogo sababu ini liko juu yake. Urefu wake kama sentimita 11, uzito kama gramu 150, kitu kidogo mno, lakini karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo yapita hapo, lita moja na kitu kila dakika.

Sisi tulinunua za mbuzi sokoni tukazipasua kwa urefu, na ukipasua waona nje kuna tabaka jekundu lililokoza, hiyo ndiyo koteksi, ndani yake medula ina mistari mistari yote imeelekea katikati, halafu pale penye mafuta meupe ndipo mkojo unapokusanyika ushuke kwa mrija wa ureta hadi kibofuni. Medula ya mbuzi imeshikana yote, ya binadamu imegawanyika piramidi 8 mpaka 18 hivi, kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha nne asije akachora ya mbuzi kwenye mtihani akasema ndivyo alivyoona.

Kazi yenyewe haionekani kwa macho. Kila figo ina nefroni, yaani vichujio vidogo vidogo, kama milioni moja, na kila nefroni inaanza na kifundo cha vimishipa vyembamba sana kinaitwa glomerulasi, damu inaingia hapo kwa presha, maji na chumvi na sukari na taka kama yurea zinapenya, chembe za damu na protini nyingi zinabaki. Kwa siku zinachujwa lita 180 jamani, punda aliyepakiwa madumu manne ya lita 20 angekuja mara mbili na bado yangepungua. Sasa mbona mkojo ni lita moja na nusu tu? Kwa sababu karibu yote yanarudishwa kwenye damu, na sukari ya mtu mzima wa afya inarudi yote, ndiyo maana ikionekana kwenye mkojo daktari anashtuka.

Hapa ndipo tulipobishana sana klabuni. Kwa nini mvuvi aliyeishiwa na maji baharini hawezi kunywa ya bahari? Lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na figo ya binadamu haiwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho, kwa hiyo ili kuitoa ile chumvi inabidi itumie maji zaidi ya yale aliyokunywa, na kiu inazidi. Anayebana maji ili mkojo ukolee ni ule mrija wa nefroni uliojikunja unaoteremka kwenye medula, uliopewa jina la Mjerumani Henle, na ndio huo huo unaofanya mkojo wa alasiri ya Ramadhani uwe wa rangi ya chai.

Figo pia zinasaidia kurekebisha presha, zinatoa homoni ya kuuambia uboho utengeneze damu, na zinaiamsha vitamini D kwa ajili ya mifupa. Hayo twayapita mbio.

Shida ni kwamba figo hazisemi mapema. Zinaharibika polepole, na wakubwa wa kuziharibu ni sukari na presha, mtu anakaa barazani anacheka na wenzake kumbe zimebaki kidogo tu. Zikifa ni mashine ya kusafisha damu, mara mbili tatu kwa wiki, kwa muda wa kama saa nne kila mara, na kwa mtu wa Faza au Pate ongeza boti ya kwenda na ya kurudi. Chumvi inayoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, haijazi kijiko cha chai, sasa wazazi wetu ng'onda na achari kwenye sahani moja hiyo hesabu mtafanya wenyewe. Na zile dawa za maumivu za kununua dukani kila mgongo ukiuma, wallahi punguzeni.

Mheshimiwa, maombi yetu ni matatu. Mashine mbili za kupimia presha, vile vijiti vya kupimia protini na sukari kwenye mkojo, ili Jumamosi tuwapime wazazi wetu chini ya usimamizi wa nesi, na tangi la maji la vyoo vya wasichana, maana wenzetu wengine hawanywi maji kutwa nzima kwa kuogopa kwenda kule.

Tuna figo moja ya mbuzi bado haijapasuliwa, iko meza ya pili karibu na dirisha, na kisu tumekiosha. Tumekuwekea wewe.