Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KEBS kuhusu sabuni za miche zinazotengenezwa kwa mkono

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS),
Popo Road, South C, Nairobi.

Mheshimiwa,

Hatuandiki kuomba sheria ilegezwe. Sabuni na krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki huharibu figo za watu polepole, na mkaguzi anayezisaka madukani anatulinda sisi pia. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni kufikia mwaka wa 2020, na mwaka wa 2023 nchi wanachama zikaamua hata kiasi hicho kidogo kisiruhusiwe. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa bora, na haki hiyo haipungui kwa sababu sabuni imetoka jikoni Kayole na si kiwandani. Ombi letu ni kwamba ukaguzi uelekezwe pale hatari ilipo.

Kwenye sabuni ya mche, hatari iko kwenye mizani. Chukua kilo moja ya mafuta: gramu 300 za nazi, 500 za mawese na 200 za alizeti. Gramu moja ya nazi hula gramu 0.183 za kostiki, soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni na ambayo ikizidi huchoma ngozi; ya mawese hula 0.142, ya alizeti 0.135. Zidisha, jumlisha, unapata gramu 152.9. Mtengenezaji makini hupunguza asilimia tano ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni, kwa hiyo anapima 145. Kati ya sabuni inayotuliza ngozi na sabuni inayochoma, basi, pana gramu nane tu. Mizani ya jikoni inayoruka gramu tano tano ikikosea mara mbili, nane hizo zimekwisha, na hakuna rangi wala harufu itakayomwonya mnunuzi.

Ndiyo maana tungependa mkaguzi akiingia karakana ndogo aanze na mizani, aijaribu kwa jiwe la uzani unaojulikana. Kisha atazame chombo. Sufuria nyingi za nyumbani kwetu ni za alumini, na kostiki huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayostahimili joto. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki, maana joto hupanda ghafla na mchanganyiko ukaruka usoni. Glavu na miwani viwepo. Pipa la kostiki liwe limefungwa kabisa: ikiachwa wazi hunyonya unyevu na hewa ukaa, sehemu yake ikageuka magadi. Uzani unaonekana uleule lakini nguvu imepungua, na sabuni hubaki teketeke, ikatoa jasho la mafuta, ikachacha na kuota madoa ya rangi ya chungwa. Mwisho aombe daftari: kila bechi na tarehe yake ya kumimina, uzani wa kila kitu, na kostiki ilinunuliwa lini.

Suala la pili ni siku ya kuchukua sampuli. Kiwango cha sabuni ya kuogea, KS EAS 186, huangalia pamoja na mengine jumla ya mafuta yaliyomo, kwa asilimia ya uzani. Bechi ya hapo juu ikipata gramu 290 za maji ina uzani wa gramu 1,435 siku inapomiminwa. Mafuta ambayo maabara itayapata ni kama gramu 950, yaani asilimia 66. Ikikaa rafuni wiki sita, nusu ya maji ikauke, uzani unashuka hadi 1,290 na asilimia inapanda karibu 74. Fomyula ni ileile, mafuta ni yaleyale. Aliyepeleka mche wa wiki mbili anaweza kuambiwa sabuni yake ni hafifu, arudie na alipe tena, ilhali kilichozidi ni maji. Tena gliserini yote inayotoka mafuta yakigeuka sabuni, gramu mia hivi, imebaki ndani ya mche wetu, ikiongeza uzani bila kuhesabiwa kama mafuta. Viwanda vikubwa aghalabu huitoa na kuiuza kando. Tunaomba fomu ya sampuli iwe na nafasi ya tarehe ya kumimina, na mche wa kuogea usipimwe kabla ya siku 28.

Kuhusu harufu. Mtengenezaji mdogo huwa na fomyula moja ya msingi na manukato matano au sita. Kila harufu ikihesabiwa kuwa bidhaa mpya yenye kipimo na ada yake, anaacha kuomba kibali cha KEBS na kuuza kimyakimya, na hapo mnunuzi amepoteza. Ulaya, chini ya Kanuni ya 1223/2009, kila kipodozi lazima kiwe na ripoti ya mtaalamu wa usalama, lakini mtaalamu huweza kutathmini fomyula moja ya msingi pamoja na orodha ya manukato na kikomo cha kila moja. Sheria ya vipodozi ya Marekani ya Desemba 2022 iliwaondolea wafanyabiashara wengi wadogo usajili, ila haikuwaondolea wajibu wa kuthibitisha usalama. Njia hiyo ya Ulaya ingetufaa hapa.

Wala hatusemi manukato ya asili hayana neno. Mafuta ya mchaichai kwa sehemu kubwa ni sitrali, ambayo huwaletea baadhi ya watu mzio. Ulaya hudai itajwe kwenye lebo ya bidhaa ya kuoshwa ikizidi asilimia 0.01. Ukitia gramu 30 za mchaichai kwenye bechi yetu, umepita kiwango hicho zaidi ya mara mia. Lebo iseme hivyo hapa pia, kwa herufi zinazosomeka.

Losheni na sabuni ya maji ni habari nyingine kabisa, na humo tunaomba muwe wakali. Mche mkavu wenye pH ya 9 hadi 10 hauwapi bakteria nafasi. Losheni ina maji mengi, kwa hiyo bila kihifadhi kinachofaa huoza kabla haijabadilika harufu. Nayo mapishi ya sabuni ya maji yanayozunguka mitaani mara nyingi yana formalini, dawa inayoleta mzio na inayotambulika kusababisha saratani. Fedha na muda wa maabara vingetumika huko vingeokoa ngozi nyingi zaidi.

Viwango vyenyewe vimeandikwa kwa Kiingereza na huuzwa. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7. Muhtasari wa kurasa nne wa KS EAS 186 na wa masharti ya lebo, kwa Kiswahili na bila malipo, ungefika Kariobangi na Githurai haraka kuliko msako.

Tuko tayari kuleta South C miche miwili ya fomyula moja, mmoja wa siku 14 na mwingine wa siku 42, pamoja na daftari lake, ipimwe na maabara yenu mbele ya maafisa wanaoandika masharti ya kibali. Tunaomba tu tupewe tarehe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Watengenezaji wa sabuni za mkono, Nairobi