Mwanangu, Msome Lynn Nottage

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Barua yako niliipokea pamoja na maonyesho mawili ya mwanzo ya tamthilia unayoiandika kuhusu wanawake wa Kikongo waliokimbilia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, na yote nimeyasoma kwa makini. Umeniuliza maswali mawili: iwapo mtu anaweza kuishi kwa kuandika tamthilia, na iwapo wewe, ambaye hujawahi kukimbia vita, una haki ya kuandika habari za waliovikimbia. Badala ya kukujibu kwa maoni yangu tu, nimeona nikusimulie habari za mwandishi mmoja wa Marekani, Lynn Nottage, kwa sababu maswali yote mawili yamemkuta katika kazi yake, na hilo la pili limemkuta kwa wanawake wa nchi ileile unayoiandikia wewe.

Alizaliwa mwaka 1964 Brooklyn, New York, na mama yake alikuwa mwalimu aliyepanda hadi kuwa mwalimu mkuu, na baba yake mwanasaikolojia wa watoto. Alianza kuandika tamthilia angali mwanafunzi wa sekondari, akasoma Chuo Kikuu cha Brown, kisha akaingia shule ya tamthilia ya Yale na kuhitimu shahada ya uzamili mwaka 1989. Ungetarajia mtu mwenye shahada kama hiyo aende moja kwa moja kwenye majumba ya maonyesho, lakini yeye aliajiriwa Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, akawa anashughulikia habari za shirika hilo na waandishi wa magazeti kwa miaka minne. Ninaitaja miaka hiyo mapema kwa sababu watu wengi wanaosimulia maisha yake huiruka kana kwamba ilikuwa likizo, ilhali mimi naiona kuwa chuo chake cha tatu. Siku moja zililetwa pale ofisini picha za wanawake waliopigwa na waume zao, na Nottage alipoziona alifunga mlango wa chumba chake, akaandika tamthilia fupi kwa kikao kimoja. Iliitwa Poof!, na ilipata tuzo na kuonyeshwa Louisville, Kentucky, mwaka 1993. Ndani yake mume mkatili anateketea ghafla na kubaki rundo la majivu sakafuni, na mkewe anamwita jirani ili washauriane la kufanya. Inachekesha, mwanangu. Mwandishi alikuwa ametoka kuzitazama picha za kutisha, akaandika kitu cha kuchekesha, na wala hakuwadhihaki walioonekana katika picha zile. Likumbuke jambo hilo, maana nitalirudia nikifika kwenye maonyesho yako.

Kazi zilizofuata nitazipita haraka, ingawa ile ya mwaka 1995, Crumbs from the Table of Joy, kuhusu baba aliyefiwa na mkewe anayehamia Brooklyn na binti zake wawili, inafaa kusomwa na kila mtu aliyelelewa na baba mkali. Tamthilia iliyomtambulisha kwa wengi ni Intimate Apparel, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Baltimore mwaka 2003. Chanzo chake ni mama wa bibi yake, ambaye alikuwa mshonaji wa nguo za ndani za wanawake mjini New York mwanzoni mwa karne iliyopita. Jamaa walikuwa wamebakiwa na habari chache mno za mwanamke huyo, na mama yake Nottage, ambaye pengine angeweza kusaidia kukumbuka, alikuwa amekwisha kufariki. Basi mwandishi akaenda maktaba, akasoma jinsi wanawake weusi wa mwaka 1905 walivyoishi katika nyumba za kupanga vyumba, walivyoshona, walivyoweka akiba na walivyotafuta wachumba, na kutokana na usomaji huo akamuumba Esther.

Esther ana miaka 35, hajui kusoma wala kuandika, na fedha alizozichuma kwa miaka mingi amezishonea ndani ya mfarishi wa kitanda chake. Anaanza kuandikiana barua na George, mwanamume wa Barbados anayefanya kazi ya kuchimba Mfereji wa Panama, na kwa kuwa hajui kuandika, barua zake zinaandikwa na wateja wake. Baada ya ndoa ndipo anapogundua kwamba George naye alikuwa akiandikiwa na mtu mwingine. Wakati huohuo yupo muuza vitambaa, Myahudi mshika dini, ambaye kwa mujibu wa sheria ya dini yake hawezi hata kumgusa mkono mwanamke asiye wake, na mapenzi yao yote yanabaki katika vitambaa wanavyovishika kwa zamu. Sijui tamthilia nyingi za wakati wetu zilizosema mengi hivyo kwa kitambaa cha hariri. Viola Davis aliigiza nafasi ya Esther New York mwaka 2004, kabla ya dunia nzima kumjua.

Sasa nifike Kongo. Mwaka huohuo wa 2004 Nottage alisafiri hadi Uganda pamoja na mwongozaji wa tamthilia, Kate Whoriskey. Walikuwa wamekusudia kuichukua tamthilia ya Mjerumani Bertolt Brecht kuhusu mama mchuuzi anayefuata majeshi vitani, na kuihamishia mashariki ya Kongo. Kwa msaada wa Amnesty International mjini Kampala, alionana na wanawake wa Kikongo waliovuka mpaka, akaketi nao, akawasikiliza mmoja baada ya mwingine wakieleza waliyotendewa na wanajeshi wa serikali na waasi. Aliporudi nyumbani aliona kwamba sanduku la Brecht haliwezi kubeba alichokisikia, akaliacha. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Kwenda kusikiliza ni jambo ambalo wengi hulifanya, kwa unyofu au kwa kutafuta sifa. Kukubali kwamba ulichokisikia kimevunja mpango uliokuja nao, na ukaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, ni jambo linalofanywa na wachache.

Tamthilia iliyozaliwa inaitwa Ruined, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, katika jumba la Goodman, mwishoni mwa 2008, kisha New York mwanzoni mwa 2009, ikapata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka huo. Mahali pake ni baa katika mji mdogo wa wachimba madini ndani ya msitu wa Ituri. Mwenye baa ni Mama Nadi. Anauza bia, anauza sigara, na anauza wasichana, kwa mchimba koltani, yale madini yanayotumika katika simu, kwa askari wa serikali na kwa mwasi, mradi kila mmoja atoe risasi katika bunduki yake kabla ya kunywa. Sophie analetwa kwake baada ya kubakwa na kujeruhiwa kiasi kwamba hawezi tena kufanya biashara ile, basi anaimba na kumsaidia Mama Nadi mahesabu, huku akidokoa fedha kidogo kidogo ili aweze kulipia upasuaji. Mwenzake Salima alichukuliwa na wanajeshi akiwa shambani, mtoto wake mchanga akauawa mbele yake, na aliporudi nyumbani baada ya miezi mitano, mumewe na kijiji wakamkataa. Mume huyo baadaye anakuja kusimama nje ya baa kwenye mvua, amebeba sufuria aliyomnunulia, akiomba aonwe.

Angalia mwandishi alichofanya na ushuhuda aliopewa. Hakuupanga kama shahidi anavyopanga maneno mahakamani. Mama Nadi anafaidika na vita, naye anajua. Anawahifadhi wasichana na kuwatumia kwa wakati mmoja, na mtazamaji hapewi nafasi ya kumpenda wala kumchukia kwa raha. Kuna nyimbo, na muziki wake ulitungwa na mpiga gitaa Mkongo, Dominic Kanza. Kuna utani wa baa, kuna kugombania chokoleti na rangi ya mdomo, kuna mchuuzi anayekariri mashairi ili akopeshwe. Halafu, ukiwa umekwisha kuzoea kicheko, Salima anaanza kueleza asubuhi ile ya shambani, anataja nyanya alizokuwa akichuma na jua lilivyokuwa, na unaelewa kwa nini mwandishi alikuchekesha kwanza.

Mwisho wake sikubaliani nao kabisa. Baada ya kifo cha Salima, Mama Nadi anacheza dansi na yule mchuuzi anayempenda, na watazamaji wanatoka na faraja. Wahakiki kadhaa walisema faraja hiyo imekuja kwa urahisi mno, na mimi ni mmoja wa wanaoona hivyo, ingawa baba yako anadai kwamba watu waliopitia vita wana haki ya kuchezewa muziki mwishoni kuliko mtu mwingine yeyote. Ukiisoma, utaamua mwenyewe uko upande gani.

Usidhani kwamba njia hiyo ya kusikiliza aliihifadhi kwa ajili ya Afrika. Kuanzia mwaka 2011 alianza kwenda Reading, Pennsylvania, mji wa viwanda ambao takwimu za sensa wakati huo ziliutaja kuwa miongoni mwa miji maskini kabisa ya Marekani, zaidi ya asilimia 40 ya wakazi wakiishi chini ya kiwango cha umaskini. Alikwenda na kurudi kwa miaka kadhaa. Alizungumza na wafanyakazi wa chuma waliofungiwa milango na mwajiri wao kwa karibu miaka miwili, wengi wao wanaume weupe wa umri wa makamo, watu ambao mwanamke mweusi wa Brooklyn asingedhaniwa kuwa na sababu ya kuwaandikia. Kutokana na mazungumzo hayo akaandika Sweat, iliyoonyeshwa kwanza Oregon mwaka 2015. Hiyo nayo inakaa katika baa. Marafiki wawili wa kiwandani, Tracey mweupe na Cynthia mweusi, wanagombea cheo kimoja. Cynthia anakipata, na kampuni inapoanza kuhamishia mitambo Mexico, yeye ndiye anayelazimika kusimama kati ya wakubwa na wenzake waliofungiwa nje. Hasira ya wazazi inaishia mikononi mwa watoto wao, nao wanamvamia kijana mwenye asili ya Kolombia aliyekubali kufanya kazi kwa ujira mdogo. Sweat ilipata Pulitzer mwaka 2017, na Nottage akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo ya tamthilia mara mbili. Mwaka uliofuata jumba la Public Theater liliichukua na kuizungusha katika miji midogo ya viwanda, ikaonyeshwa kwa watu wanaofanana na waliomo ndani yake. Na kule Reading kwenyewe yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuandaa onyesho la mji ule katika kituo cha zamani cha treni.

Ipo pia Mlima's Tale ya mwaka 2018, ambayo mhusika wake mkuu ni ndovu wa Kenya mwenye jina la Kiswahili, anayeuawa kwa ajili ya pembe zake. Roho yake inazifuata pembe hizo kutoka kwa jangili hadi kwa afisa, bandarini, na mpaka Asia, na kila anayezishika anabaki na alama mwilini. Watu wa huku watamkumbuka Satao, yule ndovu mkubwa wa Tsavo aliyeuawa mwaka 2014. Ufundi wake wa jukwaani ni mzuri, lakini nadhani wahusika wake wa Kiafrika ni wembamba kuliko Mama Nadi na wenzake, kwa kuwa kila mmoja anakaa nasi dakika chache kisha anampisha mwingine.

Nirudi kwenye swali lako la kwanza, la riziki. Nottage alikuwa na Pulitzer tangu mwaka 2009, na hata hivyo tamthilia yake ya kwanza kufika Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, ilikuwa Sweat, mwaka 2017, yeye akiwa na miaka 52. Mwaka 2007 alipewa ufadhili wa MacArthur, ambao humpa mtu fedha bila kumpangia kazi ya kufanya, na bahati hiyo humwangukia mmoja kati ya maelfu. Kwa muda mrefu ameendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Katika msimu wa 2021 na 2022 alikuwa na kazi tatu New York kwa pamoja: Clyde's, kuhusu waliotoka gerezani wanaopika sandwichi katika mgahawa wa madereva wa malori, opera iliyotokana na Intimate Apparel, na MJ, onyesho la muziki wa Michael Jackson ambalo yeye aliandika hadithi yake. Hadithi hiyo inakaa mwaka 1992, kabla ya tuhuma za kuwadhulumu watoto kingono zilizokuja kumwandama mwimbaji huyo, na wapo waliomlaumu kwa kuchagua mwaka unaomwondolea mzigo wa kuzizungumzia. Lawama hiyo naiona ina uzito. Ila nikijiuliza ni kazi gani inayomlipa mwandishi ili aweze kukaa miaka mingine mjini Reading, simlaumu kwa ukali. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ualimu usiuache. Maliza shahada yako ya elimu, na uandike.

Kuhusu haki, sioni kwamba kuna mtu wa kukupa cheti chake. Unaweza kwenda Kasulu wakati wa likizo. Shangazi yako atakupokea, naye anawajua wanaofanya kazi kambini watakaokueleza utaratibu wa kuomba kibali. Ukikaa na mama yeyote, asikie kutoka kwako mapema kwamba unaandika, na akisema hataki, ufunge daftari na mnywe chai.

Katika onyesho lako la pili, yule mama anayeuza maandazi karibu na bomba la maji analia tangu pazia linafunguliwa mpaka linafungwa; kicheko kama kile cha Poof! hakimo kabisa. Sijui hata andazi lake anauza shilingi ngapi, nani anamdai unga, na jirani gani amechoka kumsikiliza. Mwandike upya ukitoka Kasulu, kisha uniletee kabla chuo hakijafunguliwa. Onyesho la kwanza liache lilivyo kwa sasa, isipokuwa hotuba ya afisa wa kambi, ambayo ni ndefu mno.

Wasalaam,
Mama yako