Kebo ya Kilimanjaro: tuonyesheni vigezo na uzito wake

Mhariri,

Tangu mwaka 2019, serikali iliposema inafikiria kuweka magari ya kebo Mlima Kilimanjaro, tumekuwa tukibishana kwa hoja mojamoja. Mmoja anasema mapato, mwingine anasema ajira za wapagazi, wa tatu anakumbusha kwamba mlima huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1987. Kila mmoja ana ukweli wake, lakini hatujawahi kuziweka hoja hizo mezani kwa pamoja tukaona ipi ina uzito gani.

Zipo mbinu za kufanya uamuzi kwa vigezo vingi, na wataalamu wa utalii wanazitumia sana, kuanzia kuchagua eneo la kujenga hoteli hadi kupanga matumizi ya hifadhi. Inayojulikana zaidi ni AHP (kifupi cha jina lake la Kiingereza, Analytic Hierarchy Process), iliyobuniwa na mwanahisabati Thomas Saaty miaka ya 1970. Huulizwi maswali ya jumla. Unapewa vigezo viwiliviwili: kati ya ajira na mandhari, kipi muhimu zaidi, na kwa kiasi gani, kuanzia 1 hadi 9? Majibu hayo ndiyo yanayokokotolewa kuwa uzito wa kila kigezo. Ukisema ajira inazidi mandhari, mandhari inazidi mapato, kisha ukageuka kusema mapato yanazidi ajira, hesabu yenyewe inaonyesha kuwa majibu yako yanapingana na unatakiwa uyafikirie upya.

Nitoe mfano wa alama nilizozibuni ili jambo lenyewe lieleweke. Tuseme katika kuwafikisha mlimani wazee na wenye ulemavu, kebo inapata 9 na njia za miguu 3. Katika ajira, kebo 3, miguu 8. Katika kulinda mandhari, kebo 4, miguu 8. Kila alama inazidishwa kwa uzito wa kigezo chake, kisha tunajumlisha. Kigezo cha kwanza kikipewa uzito wa asilimia 60 na vingine 20 kila kimoja, kebo inashinda kwa 6.8 dhidi ya 5.0. Badilisha uzito uwe 20, 40 na 40, kebo inaanguka hadi 4.6 na miguu inapanda hadi 7.0. Alama hazijaguswa hata moja! Kwa hiyo anayepanga uzito ndiye anayeamua, na wananchi tuna haki ya kumjua.

Mimi naongoza wageni mlimani. Asubuhi getini utawaona wapagazi wamepanga foleni, mizigo inapimwa kwenye mizani, mwisho kilo 20 kwa mtu. Safari ya miguu huchukua siku tano hadi nane, na ada za hifadhi hulipwa kwa siku. Mgeni atakayepanda na kushuka siku hiyohiyo atalipa siku ngapi, na atahitaji wapagazi wangapi? Pia kuna afya: miili yetu huzoea hewa nyepesi polepole, na kumfikisha mtu juu kwa haraka kunaongeza hatari ya ugonjwa wa mwinuko. Hivi vyote ni vigezo, na watu wa foleni ile wanapaswa kuwa miongoni mwa wanaojaza majibu, si kusikia matokeo redioni.

Kuna tahadhari moja ambayo naiona kubwa kuliko zote. Mbinu za kujumlisha alama huruhusu kigezo kimoja kufidia kingine, hivyo mapato makubwa yanaweza kufunika uharibifu wa msitu au wa vyanzo vya maji. Mfaransa Bernard Roy aliliona hilo miaka ya 1960 alipobuni mbinu ya ELECTRE, ambayo kwenye matoleo yake ya baadaye kigezo kinaweza kupewa kura ya turufu: pendekezo likishindwa vibaya mno hapo, haliwezi kuwekwa juu ya mengine hata liwe zuri kiasi gani kwingineko. Kwa mlima wetu, maji na msitu vipewe kura hiyo. Ajira iliyopotea inaweza kutafutiwa njia nyingine, ingawa kwa maumivu. Chemchemi iliyokauka hairudishwi kwa bajeti.

Sisemi kebo ikataliwe kabla ya kupimwa. Mzee wa miaka 80 anayetamani kuuona mlima kwa karibu naye ana haki yake, na haki hiyo iandikwe kwenye jedwali kama nyingine. Ninachoomba kwa wizara na mamlaka ya hifadhi ni jedwali lenyewe: vigezo, alama, uzito, na makundi yaliyotoa uzito huo. Libandikwe kwa Kiswahili kwenye mageti na kwenye ofisi za vijiji vya Marangu, Machame na Rongai kabla mkataba wowote haujasainiwa.

Mwongoza wageni,
Moshi